Jina Lisifutwe: Juu ya Wanachama Wetu Wagonjwa na Wenye Ulemavu

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa Makatibu wa zamani wa Vyama vya Msingi, mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Kamati ya Sherehe iliniandikia barua kuniomba niseme maneno machache juu ya faida za ushirika. Nilipoipokea nilimwendea Katibu wa Kamati, nikamwomba ruhusa ya kubadili kichwa cha habari, naye kwa hisani yake akanikubalia. Faida za ushirika mmekwisha kuzisikia asubuhi hii kutoka kwa watu wanaojua hesabu kuliko mimi: bei ya kahawa, mtambo mpya wa kumenya, na deni la benki lililokwisha lipwa. Mimi nataka kusema juu ya watu ambao leo hawapo hapa. Sisemi juu ya marehemu, maana hao tumekwisha kuwaombea. Nasema juu ya wanachama walio hai, wenye hisa zao na miti yao ya kahawa, ambao kwa sababu ya maradhi au ulemavu wamelala vitandani au wameketi vibarazani, nao hawakuweza kufika.

Kwa kweli mmoja wao amefika, lakini yuko nje. Wanawe walimpandisha garini, wakamleta mpaka mlangoni na kiti chake cha magurudumu, na hapo akazikuta ngazi saba. Vijana walitaka kumbeba, akakataa. Alisema hakuja hapa kubebwa kama gunia. Ameketi pale chini ya mgrevilea, anatusikiliza kwa kipaza sauti. Namsalimu, na nitamrudia baadaye.

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili nisije nikadhaniwa kuwa nimesimama hapa kuwahukumu wengine. Nilikuwa Katibu wa Chama cha Msingi kwa muda wa miaka 19. Masharti yetu ya wakati ule yalisema kwamba mwanachama asiyeleta kahawa kwa misimu miwili mfululizo, bila ya sababu ya kuridhisha, atahesabiwa kuwa amejitoa. Shabaha ya sharti hilo ilikuwa njema. Walikuwako watu walioandikishwa kwetu mchana na kuwauzia walanguzi usiku, na hao walistahili kutolewa. Mwezi wa Machi mwaka wa 2014 nilikaa na daftari la wanachama, nikaona majina kumi na moja ambayo hayakuwa na kilo hata moja tangu 2012. Nikachukua rula na kalamu nyekundu.

Jina la saba lilikuwa la mtu niliyemfahamu tangu utoto wetu. Tulichunga pamoja, tukatahiriwa pamoja, na siku ya ndoa yake mimi nilibeba mkoba wa posa. Nilijua kwamba ni mgonjwa. Kila mtu kijijini alijua. Lakini kwa mazoea yetu ile “sababu ya kuridhisha” ilitakiwa iletwe kwa maandishi, na barua haikuletwa. Nikachora mstari.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kumrudishia thamani ya hisa zake, kwa kuwa sipendi fedha ya mtu ikae kwangu. Toka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa nusu saa, nami sikuwa nimefika kwake kwa mwaka mzima. Kiharusi kilimpiga mwaka wa 2012, kikamchukua mkono na mguu wa kulia, na ulimi pia. Alisikia kila neno, akaelewa kila jambo, ila maneno hayakutoka. Mkewe, ambaye kwa desturi ya kwetu namwita shemeji, alinikaribisha, akanifutia kiti kwa kanga, akaniomba radhi kwamba hana chai ya kunipa.

Nikamwuliza hali. Alinieleza kwa utaratibu, kama mtu atoaye taarifa ya kazi. Mwuguzi wa zahanati alimwambia kwamba mgonjwa wa namna ile asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, ngozi ya mgongoni na ya nyonga itaoza, na vidonda hivyo huua upesi kuliko kiharusi chenyewe. Basi alikuwa akimgeuza, mchana na usiku, kwa kengele ya simu. Alifanya hivyo kwa miezi ishirini na miwili. Katika muda huo wote hakuwa amelala usingizi wa zaidi ya saa mbili, wala hakwenda mbali kuliko kisimani. Mtoto wao mmoja yuko Dar es Salaam, huleta fedha anapopata. Binti ameolewa mbali. Nilipotazama mgongo wa rafiki yangu sikuona kidonda hata kimoja. Nilipotazama dirishani niliona kahawa yao: maotea yamejaa kama msitu, na buni nyeusi imetapakaa chini, haikuchumwa na mtu.

Nikatoa bahasha, nikaeleza ilivyokuja. Rafiki yangu aliitazama bahasha, akanitazama mimi, kisha kwa mkono wake wa kushoto akaisukuma ikaanguka. Shemeji aliiokota, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akasema, “Shemeji, huyu bado ni mwanachama. Mtu hatolewi chamani na ugonjwa.”

Wanachama wenzangu, yule bibi hakuwa amesoma masharti wala sheria, lakini alizifahamu zote mbili kuliko Katibu. Baadaye, kwa aibu, nilikwenda kuzisoma. Wengi wetu hudhani kwamba kumtunza mtu mzima aliye mgonjwa au mwenye ulemavu ni mambo ya ukoo peke yake, na kwamba ukoo ukishindwa basi ni mambo ya Mungu. Sheria za nchi yetu hazisemi hivyo. Mwaka wa 1982, mwaka uleule ambao sheria ya ushirika iliturudishia vyama vikuu vilivyofutwa mwaka wa 1976, Bunge lilitunga pia sheria ya matunzo ya watu wenye ulemavu, ikaweka wajibu huo juu ya familia, na ndugu, na serikali za mitaa, na Serikali Kuu, na mashirika. Mwaka wa 2004 ikatoka Sera ya Taifa. Mwaka wa 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka wa 2010 ikapitishwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, iliyochukua mahali pa zile za 1982. Sheria hiyo yataka kuwepo kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Siku ile nilipochora mstari wangu mwekundu, sheria hii ilikuwa na umri wa miaka minne, nami sikuwa nimeiona kwa macho.

Nasema tena juu ya hesabu, maana najua mkutano huu hupenda hesabu. Sensa ya mwaka wa 2022 iliwauliza watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi kama wana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na mengineyo. Asilimia 11.2 walionekana kuwa na ulemavu wa namna moja au nyingine. Rejesta ya Chama Kikuu chetu ina wanachama 6,200. Kama sisi ni watu kama watu wengine wa nchi hii, basi miongoni mwetu wako karibu 700, na yamkini zaidi, maana wakulima wa kahawa tumezeeka. Nimeisoma taarifa ya mwaka ya Bodi kuanzia jalada mpaka jalada. Mna habari za mbolea, za magari, za miche. Juu ya watu hawa 700 sikukuta hata sentensi moja.

Sisemi kwamba huduma hakuna. Hiyo itakuwa si haki kwa watumishi wanaojitahidi. Yuko Afisa Ustawi wa Jamii wilayani, yuko mhudumu wa afya wa jamii kijijini. Uko mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka wa 2023, ikaanzishwa tena mwaka wa 2024 kwa utaratibu mpya. Viungo bandia hutengenezwa hapa hapa nchini. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, mafundi wa kazi hiyo wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka wa 1981, wakiwamo wa kutoka nchi nyingine za Afrika. Lakini kati ya huduma hizo na kitanda cha mgonjwa wetu pana kilometa ishirini za tope, na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuzivuka. Afisa Ustawi ana vijiji vingi kuliko siku za mwezi, na pikipiki yake aghalabu haina mafuta. Mgonjwa hajui ofisi, na ofisi haimjui mgonjwa.

Sasa, ni nani mwenye daftari katika kila kijiji cha wilaya hii? Ni nani mwenye karani anayemjua kila mtu kwa jina lake na la baba yake, mwenye mizani ambapo watu wote hukutana kila msimu, mwenye lori linalofika mpaka kituo cha mwisho cha kununulia hata wakati wa masika? Ni sisi. Sikutafuta sababu nyingine ya kusema nanyi leo.

Najua jibu la baadhi yenu, kwa kuwa nimekwisha lisikia. Watasema: “Chama hiki ni cha kahawa, si hospitali.” Mzee mmoja, rafiki yangu na mtu wa haki, aliniambia hivyo juzi tu. Nilimwuliza yeye alisoma kwa fedha za nani. Akacheka, maana ajua. Vyama vya kahawa vya kale vilisomesha vijana wengi kwa makato ya zao, na sikupata kusikia mkulima akisimama kusema kwamba chama si shule. Tena, ushirika ulimwenguni una kanuni saba, na ya saba, iliyokubaliwa huko Manchester mwaka wa 1995, ni kuijali jamii. Kanuni hizo zimeandikwa ukutani mwa ofisi yetu kwa rangi ya kijani.

Nimesoma pia habari za wenzetu wa Italia, nami nawaomba mnivumilie nizieleze kidogo, maana zatuhusu sisi wana ushirika kwa jina letu hasa. Katika mji wa Trieste palikuwa na hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili. Daktari Franco Basaglia alipokuja kuisimamia mwaka wa 1971, aliwakuta wagonjwa wakifagia na kufua na kupika bila ya mshahara, wakilipwa vijizawadi tu. Yeye na wenzake hawakuridhika na kuwahurumia. Waliwasaidia kuanzisha chama cha ushirika, ili kazi ileile walipwe ujira kama wafanya kazi wengine. Mwaka wa 1978 Italia ikapitisha sheria ya kuzifunga hospitali za namna ile polepole, na mwaka wa 1991 sheria nyingine, Namba 381, ikavitambua vyama vya ushirika vya huduma za jamii. Vingine hutoa matunzo kwa wagonjwa na wenye ulemavu. Vingine hutoa kazi, na katika hivyo sharti angalau asilimia 30 ya wafanya kazi wawe watu ambao hali zao zingewafungia milango kwingine. Sisemi tuige. Nchi yao ni tajiri, na sehemu kubwa ya gharama hulipwa kwa kodi. Nasema tu kwamba neno “ushirika” lilikwisha fika katika vitanda vya wagonjwa kabla yetu.

Na kwa kuwa nimetaja kazi: sheria yetu ya 2010 yamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kiwandani kwetu wako watumishi zaidi ya 40. Nimepita huko Jumatatu, nikahesabu. Sitasema nilichokiona, Meneja yuko hapa, na twaheshimiana.

Nirudi kwa rafiki yangu. Nililipeleka jambo lake mbele ya Kamati ya Chama cha Msingi. Tulibishana mpaka jua likatua, lakini jina likarudishwa. Kisha tukaitisha ujima. Jumamosi ya kwanza walikuja watu thelathini na wawili. Tulikata maotea, tukapogolea, tukapalilia, akina mama wakapika, ikawa kama arusi. Watu walipiga picha. Jumamosi ya pili walikuja kumi na wanne. Ya tatu tulikuwa wanne, na mmoja wetu alikuja kuchukua panga lake alilolisahau. Sitaki kumlaumu mtu. Kila mmoja ana shamba lake, na mvua ni ileile.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba tulikosea mahali pa kuanzia. Sisi tulikimbilia shambani kwa sababu shamba ndilo tulijualo. Lakini tulipomwuliza shemeji anachohitaji, jambo ambalo lingetupasa kulifanya kwanza, hakutaja shamba. Alisema, “Nataka mtu akae naye asubuhi moja, nami nilale.”

Basi nyumba sita za jirani zikapatana. Kila Alhamisi mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, alikwenda kukaa na mgonjwa tangu asubuhi mpaka saa saba. Mwuguzi wa zahanati alitufundisha kwa siku moja: namna ya kumgeuza mtu mzito bila ya kumwumiza wala kujivunja mgongo, namna ya kumkausha, namna ya kumlisha akiwa ameketi ili chakula kisipite njia ya hewa, na namna ya kunyosha vidole na magoti ya upande uliolala, ili visije vikakakamaa. Si elimu kubwa. Mtu aliyeweza kujifunza kupogolea kahawa aweza kujifunza haya. Alhamisi ya kwanza shemeji alilala mpaka saa nane mchana. Aliyekuwa zamu aliogopa, akadhani naye kaugua, akaenda kumwamsha.

Zamu hiyo iliendelea kwa miaka sita, kwa sababu iliandikwa. Ilikuwamo katika daftari, na karani aliisoma kila Jumapili pamoja na matangazo ya mbolea. Asiyeweza kufika alitafuta wa kubadilishana naye. Shemeji alipopata usingizi alipata na mikono ya kufanyia kazi. Msimu wa 2015 alileta kilo 212, kwa jina la mumewe. Na rafiki yangu, polepole, alianza kuketi. Kahawa ilipoanikwa aliwekewa kiti kando ya meza ya kuanikia, akawa anachambua buni mbovu kwa mkono wa kushoto, na hakuna karani aliyewahi kukataa kahawa iliyopita mkononi mwake. Mwaka wa 2016 aliletwa mkutanoni, na katika uchaguzi wa Kamati aliinua mkono huohuo wa kushoto. Alimpinga mtu niliyemtaka mimi.

Alifariki mwaka wa 2021. Shemeji yuko hapa, katika safu ya tatu, naye ameniruhusu kuyasema haya yote. Sasa ni mwanachama kwa jina lake mwenyewe.

Naomba msinifahamu vibaya. Sikusudii kusema kwamba kila mgonjwa ni kama huyu. Wako vijana wenye kifafa, ambao hufichwa ndani kwa aibu ya wazazi. Kifafa hakiambukizi, na povu lake si sumu. Dawa zake zipo, lakini hazitakiwi kukatizwa hata siku moja, na aliye mbali na kliniki huzikatiza kwa kukosa nauli, kisha siku moja huanguka motoni. Wako waliorudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili wakiwa wametulia kabisa, dawa ikaisha, na majirani wakaleta kamba badala ya dawa. Wako wasiosikia, ambao huhudhuria mikutano yetu yote na kuondoka bila ya neno moja, kwa kuwa hatujapata hata mara moja kumleta mkalimani wa lugha ya alama. Hao hawahitaji kugeuzwa kitandani. Wengi wao wanaweza kutushinda sisi kwa kazi. Zamani tuliwaita wote hawa vilema, tukaishia hapo; neno hilo sasa limeachwa, na ni vema, maana lilitusaidia sana tusiwaulize wanachotaka.

Kuna jambo moja jipya ambalo baba zetu hawakulijua, nalo lanitia hofu. Siku hizi malipo ya kahawa hayatolewi mezani. Hupitia benki au simu. Kwa usalama wa fedha ni maendeleo makubwa, wala sitaki turudi nyuma. Lakini mwanachama asiyeona, au aliyepooza, au asiyeweza kufika benki, hulazimika kumpa mtu mwingine kadi yake na namba yake ya siri. Wapwa na watoto wengi ni waaminifu. Si wote. Bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili alipata kuniuliza kwa nini malipo ya pili hayakutoka mwaka ule. Yalikuwa yametoka, na kitabu kilionyesha yametoka, na aliyeyapokea alikuwa ameketi karibu yetu akitazama chini. Tangu siku ile nilikuwa nikiwapelekea wanachama kama hao hesabu yao nyumbani na kuwasomea kwa sauti, mbele ya shahidi mmoja waliyemchagua wao. Kazi hiyo huchukua siku mbili kwa msimu. Na yule bibi, macho yake yangeweza kufanyiwa upasuaji. Lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa sisi tuliojua habari za kila mti wake hatukuwa na habari za macho yake.

Maradhi mengine yaweza kuzuiwa kabisa. Shinikizo la damu, ambalo huleta kiharusi, halina maumivu; mtu hutembea nalo kwa miaka huku akijiona mzima. Mtu huyo hatakwenda zahanati, maana haumwi. Lakini kwenye mizani ya kahawa atakuja, hapana shaka! Basi na tumwombe Mganga wa wilaya atuletee mwuguzi na kipimo siku za kununua, kahawa ipimwe huku na damu ipimwe huku. Nimesema naye. Amekubali, ila hana usafiri. Lori letu hupita mbele ya nyumba yake.

Sasa fedha. Naliacha jambo hili mwisho kwa sababu ndipo usingizi huwatoka watu. Pendekezo lililomo katika makabrasha yenu, ajenda ya saba, ni shilingi 10 katika kila kilo ya kahawa, zibaki katika Chama cha Msingi chenyewe. Tuseme chama kinakusanya kilo 60,000 kwa msimu: hizo ni shilingi 600,000. Nawaambia wazi kwamba si fedha nyingi. Hazitoshi kumwajiri mtu yeyote. Zatosha sabuni na mpira wa kitandani, zatosha nauli ya kliniki kwa wachache, na posho ndogo ya wale wanaoacha mashamba yao kwenda kushika zamu. Mwenye mahitaji makubwa tutamsindikiza mpaka ofisi inayohusika, na karani atauliza majibu kila mwezi mpaka yapatikane. Maana ofisi humsahau mgonjwa upesi, lakini karani wa chama akija kwa mara ya nne hukumbukwa.

Ajenda hiyohiyo yataka masharti ya mfano yabadilishwe, ili misimu miwili isihesabiwe kwa mwanachama mgonjwa, na kabla ya jina lo lote kufutwa watu wawili wa Kamati waende nyumbani kwake wakamwone. Yataka pia liwepo daftari la wanachama wenye shida hizi, kwa ridhaa yao wenyewe, nalo lisisomwe mkutanoni. Juu ya neno hilo la mwisho nilikuwa mkali katika Kamati, nami nitakuwa mkali tena. Mtu hapashwi kuanika maradhi yake mbele ya kijiji ili apate kipande cha sabuni.

Daftari lenye mstari wangu mwekundu ninalo hapa. Nimelitunza tangu nilipostaafu, na leo namkabidhi Katibu wa Chama Kikuu alihifadhi ofisini. Majina ni kumi na moja. Baada ya kurudishwa lile la saba nilikwenda kuwatembelea wale kumi waliobaki. Watano walikuwa wakiwauzia walanguzi, na mstari wao ulistahili. Wawili walikuwa wamehama. Watatu walikuwa wagonjwa.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, mafundi wetu wa kiwandani wameniambia kwamba njia ya mteremko kando ya zile ngazi saba ni kazi ya siku tatu na mifuko sita ya saruji. Na mwenzetu aliye chini ya mgrevilea amenituma nikuulize swali moja: kura ya ajenda ya saba itapigiwa humu ndani, au huko nje aliko yeye? Nimefikisha.